Ukitoka kisiwani Mombasa uhamie wapi? Likoni, Mtwapa, Mariakani, Ukunda na Kilifi mizanini

Mpwa wangu alinijia Ijumaa moja baada ya swala, hata kofia hajavua. Nyumba aliyopanga Majengo, ile ya baraza mbele na paa la mabati, imekwisha habari yake. Aliyeiuza si mwenye nyumba. Ni mwenye ardhi, kwa maana kule Majengo, kama mitaa mingine ya zamani ya kisiwani, nyumba ni ya mtu huyu na kiwanja ni cha yule. Mwenye nyumba hulipia ardhi kila mwezi huku akimwomba Mungu mwenye kiwanja asipate mnunuzi. Safari hii amepata. Patajengwa ghorofa, na wapangaji wamepewa miezi mitatu.

"Mjomba, kodi za hapa kisiwani siziwezi tena," aliniambia. "Nihamie wapi?"

Yeye anafanya kazi kwenye ghala Shimanzi, hapa hapa kisiwani, na zamu yake inaingia saa moja asubuhi. Mkewe anakaanga viazi vya karai jioni, wateja wake ni wapita njia. Gari hawana, watoto wanao wawili. Nayataja haya mapema kwa sababu mtu akikuuliza mji gani mzuri bila kukwambia anaamka saa ngapi, bado hajakuuliza kitu.

Kisiwa cha Mombasa ni kilomita za mraba 14 hivi. Kaunti nzima, ukijumlisha Kisauni, Nyali, Changamwe, Jomvu na Likoni, nchi kavu yake ni kama kilomita za mraba 220, na sensa ya 2019 iliwakuta humo watu 1,208,333. Pa kujinyoosha hapana. Basi mji umetokea kwenye milango yake mitatu: daraja la Nyali kaskazini, Makupa magharibi, na feri kusini. Ukiuchora utapata pweza, kichwa kidogo katikati na mikono mirefu iliyofuata barabara. Mikono yenyewe imeshavuka mipaka zamani. Mtwapa na Mariakani ziko Kaunti ya Kilifi, Ukunda iko Kwale, lakini alfajiri utawakuta watu wake wengi wameelekeza nyuso kisiwani.

Wengi hulinganisha miji hii kwa kilomita na kwa kodi. Hiyo ni nusu ya hesabu. Mimi pwani hii huipima kwa maji, na maji yenyewe ni ya namna mbili: yale utakayoyavuka kila siku, na yale utakayoyanywa. Kisiwa hakina chemchemi ya kukitosha. Tunakunywa maji ya chemchemi za Mzima, yanayoteremka yenyewe kwa bomba la kilomita 220 hivi kutoka Tsavo, na ya Baricho, yanayovutwa kwa pampu kando ya mto Sabaki. Kidogo kinatoka Marere kwenye milima ya Shimba, na kingine kwenye visima vya Tiwi. Popote utakapohamia, ama uko njiani mwa mojawapo ya mabomba haya, ama uko mkiani mwake.

Likoni: jirani wa kuvuka

Ukisimama Kivukoni unawaona watu wa ng'ambo wakifungua vibanda. Mkondo ni kama nusu kilomita tu. Mtembea kwa miguu halipi hata senti, na kwa familia ambayo mmoja huvuka asubuhi na kurudi jioni siku sita za wiki, hiyo ni pesa ya unga na mafuta ya kukaangia. Hakuna mji mwingine katika hii mitano utakaokupa nauli ya bure. Juu ya hayo, Likoni bado ni Mombasa, kwa hiyo shughuli zako za kaunti unazimalizia mjini.

Sasa njoo saa kumi na mbili jioni. Watu wamejaa bandani, mbele wamebanwa na geti. Likifunguliwa, wote wanateremka kwa pamoja: mwenye baiskeli, mwenye mkokoteni wa magunia, mama aliyejitwika ndoo ya samaki, mwanafunzi anayekula muhogo. Hukai, unasimama bega kwa bega na magari ambayo injini zake bado zina moto. Hesabu inayotajwa siku zote ni watu zaidi ya 300,000 kwa siku, na ukiwa katikati yao huna haja ya kuuliza kama ni kweli. Feri moja ikienda matengenezo, foleni inapanda hadi barabarani, na dakika kumi zinageuka saa nzima. Zamu ya saa moja haikusubiri.

Kuna la kutisha pia, na sisi wa umri wangu hatulisahau. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa watu 272. Mimi mpaka leo nikivuka husimama ubavuni, penye upepo, karibu na maboya. Vijana hunicheka.

Watu huniambia, lakini sasa kuna barabara ya Dongo Kundu. Ndiyo, ipo. Tangu 2024 gari linatoka Miritini, linapita madaraja ya Mwache na Mteza, linatokea Kibundani upande wa Kwale bila kugusa feri. Lakini angalia barabara hiyo inakutoa wapi: inakutoa Miritini, si kisiwani. Mwenye gari anayekwenda Nairobi au stesheni ya SGR imemfaa sana. Mtu wa miguu anayekwenda Shimanzi bado atateremka kivukoni kama alivyoteremka babu yake. Daraja la juu la kuvuka mkondo wenyewe limezungumzwa miaka mingi, tutalipanda likijengwa.

Maji ya kunywa ndiyo udhaifu wa Likoni. Yanatoka upande wa Tiwi na Marere, na hapo ulipo umeshakuwa wa mwisho kupata. Mabomba yana siku zake. Siku nyingine ni mkokoteni wa mitungi, na kisima cha jirani kwa kufulia.

Mtwapa: mji usiolala

Mtwapa iko kilomita 16 hivi kutoka katikati ya mji. Ukipita jela ya Shimo la Tewa na kuvuka daraja, umeshatoka Mombasa, hata kama matatu haikukuaga. Sensa ya 2019 iliikuta na watu 90,000 na ushei, wengi kuliko Kilifi mjini penyewe, makao makuu ya kaunti. Ni mji uliokua bila kuambiwa ukue. Usiku wa manane unapata chapati moto, nyama choma, tuktuk na fundi wa simu. Kwa muuza viazi vya karai hapa ni peponi: wapita njia hawaishi, na wanakula saa ambazo Majengo wameshafunga milango. Vyumba vya kupanga vipo vya kila mfuko, kuanzia chumba kimoja cha choo cha nje hadi fleti za wazee wa Kizungu waliostaafia huku. Kelele ipo, na mwenye watoto wa shule aende kusikiliza mtaa siku ya Jumamosi usiku kabla hajalipa amana.

Njia ni moja. Daraja ni moja. Upanuzi wa barabara kutoka Mombasa hadi Mtwapa umetulisha vumbi kwa miaka, na penye vumbi pana foleni. Asubuhi ukichelewa nusu saa kutoka nyumbani, unachelewa saa nzima kufika, kwa sababu unakutana na Shanzu, Bamburi, Kiembeni na Kisauni wote wakielekea daraja la Nyali. Kilomita 16 za Mtwapa kwa hiyo si chache kama zinavyosikika. Na nauli ni ya kila siku, mvua ikinyesha inapanda.

Halafu maji. Huku kote tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni kama sifongo: kinachomwagwa juu kinashuka chini haraka. Maji matamu ya mvua hukaa juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi, tabaka jembamba tu. Wakiongezeka wa kuvuta, chumvi inapanda. Wakiongezeka wa kuchimba vyoo vya shimo, kingine kinashuka. Nilikaa Mtwapa wiki moja kwa dada yangu nikaonja hali hiyo kwenye kikombe. Maji ya kisima kwenye ndoo ni meupe, yanang'aa. Ukiosha mikono sabuni haitoi povu, inateleza tu kama utelezi wa samaki. Chai yake haikolei hata uongeze majani, na sukari unaitia mara mbili kuifukuza ile ladha. Maji ya kunywa dada alikuwa akiyanunua kwa mtungi, na ya bomba, yanayotoka Baricho, yakija usiku nyumba nzima inaamka.

Pembeni mwa Mtwapa, ufukweni, kuna magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili wa karne ya 14. Misikiti na nyumba za mawe bado zimesimama chini ya mibuyu. Wenyeji wake waliuhama, na miongoni mwa sababu wanazozikisia wataalamu ni kukosa maji. Kila nikipita njia ya kuelekea kule na kuona ghorofa nyingine inapanda, napiga hesabu ya visima.

Mariakani: bara ya karibu

Mkono wa tatu wa pweza umeelekea magharibi. Unapita Changamwe na Jomvu, barabara inaanza kupanda Mazeras, huko yanakochongwa yale mawe bapa tunayotandaza mbele ya nyumba zetu, na kilomita kama 36 kutoka mjini uko Mariakani. Hapa bahari huioni wala huisikii. Minazi inapungua, inaanza michongoma na vumbi jekundu. Ukanda wetu wa mvua ni mwembamba: Mombasa mvua yake ya mwaka ni milimita 1,000 na kitu, ukifika Voi imebaki kama nusu. Mariakani iko kwenye mteremko huo. Masika yakichelewa, huko yanaweza kupita kando kabisa.

Faida yake kubwa ni ardhi. Kwa pesa inayokupa ploti ya futi 50 kwa 100 upande wa bahari, huku unapata zaidi na unabakiwa na pesa ya msingi. Ya pili ni kwamba hakuna feri ya kusubiri. Makupa unapita juu ya daraja, na kwa mfanyakazi wa Miritini, Jomvu au Changamwe mji huu ni wa maana sana, kuliko hata Kisauni. Hasara yake ni malori. Mizigo ya bandari inayokwenda Nairobi, Uganda na Rwanda kwa barabara inapita hapa na kusimama kwenye mizani. Trela moja likiharibika mlimani, matatu yako imekwisha. Barabara nayo inapanuliwa, kwa hiyo leo unapita kulia, kesho wanakupitisha kushoto.

Upande wa maji Mariakani imebahatika kidogo, maana bomba la Mzima linateremka na barabara hii. Lakini usidanganywe na anayekwambia utachimba kisima chako. Mbele kidogo ya Mariakani, kwenye barabara ya Nairobi, kuna mahali panaitwa Maji ya Chumvi, na jina hilo hawakulitunga watalii. Mwamba wa huko ndio ulivyo. Watu wamechimba kwa mashine, wakalipa, wakapata maji ambayo ng'ombe mwenyewe anayafikiria kwanza.

Ukunda na Kilifi: kwa asiyerudi kisiwani kila siku

Hizi mbili naziweka pamoja kwa sababu kosa la watu ni lile lile: wanazipenda Jumapili, wanahamia, halafu Jumatatu wanakumbuka kazi iko kisiwani.

Ukunda ni kilomita 30 hivi baada ya feri. Diani ni fukwe na hoteli. Ukunda ni njia panda ya ndani wanakoishi wanaofanya kazi kwenye hizo hoteli. Upande huu wa kusini una mvua zaidi na ardhi ya mchanga ambayo maji yake ya chini ni mazuri. Visima vya Tiwi viko jirani. Kwa maji matamu, katika miji hii mitano kura yangu inakwenda hapa. Lakini uchumi wake una pumzi moja. Mwezi wa tano, kusi ikichafua bahari na kujaza mwani ufukweni, hoteli kadhaa hufunga na wahudumu hurudi makwao bila mshahara. Mwaka 2020, korona ilipofunga anga, Ukunda mzima ulilala. Mgodi wa titani wa Kwale nao ulisimamisha uchimbaji mwishoni mwa 2024. Ukiwa na biashara ya Diani, au kazi Kwale, nenda. Ukiwa na zamu Shimanzi, utapanda matatu hadi Likoni kisha uanze foleni ya feri, na hapo bora ungekaa Likoni.

Tahadhari moja ya huku: ukionyeshwa ploti iliyopakana na msitu mnene wenye miti mikubwa, uliza wazee kama ni kaya, yaani msitu mtakatifu wa mababu. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, na Kaya Kinondo haiko mbali na Diani. Heshima ya mahali pale ni ya kale kuliko hati yoyote atakayokuonyesha dalali.

Kilifi mjini iko karibu kilomita 60 kaskazini. Nayo ilikuwa na feri yake, hadi daraja lilipofunguliwa 1991, na anayetaka kujua daraja hufanya nini kwa mji aende akatazame Mnarani na Kilifi zilivyoungana. Ina Chuo Kikuu cha Pwani, ofisi zote za kaunti, hospitali na watafiti wa malaria waliokuwepo tangu 1989. Kiwanda cha korosho kilikufa, mkonge bado upo Vipingo, lakini kinachoulisha mji sasa ni mishahara ya serikali na kodi za wanafunzi. Baricho iko juu yake, kwa hiyo maji yanapita Kilifi kabla ya kutufikia sisi. Pampu zikizimika, wote tunakauka pamoja. Ni mji mtulivu, upepo wake mzuri, na laiti ningekuwa nimestaafu ningehamia kesho. Kwa mtu wa kwenda na kurudi Mombasa kila siku, sahau. Malindi, kilomita 120, hata siijadili. Voi ni njia ya Nairobi.

Kama unanunua, si kupanga

Hapa ndipo ninapokuwa mkali kidogo. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka pesa kwenye ploti upande wa kaskazini, nikaonyeshwa bikoni za mipaka, nikaonyeshwa ramani, nikala na dalali biriani. Siku ya kwenda kusafisha nikakuta minazi iliyochoka kwa uzee na makaburi mawili. Mzee mmoja akatoka kibandani akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umepotea njia?" Familia yake ilikuwa pale kabla ya karatasi yoyote.

Asili ya jambo hili ni ndefu. Ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakautawala kwa niaba yake tangu 1895, na sheria ya hati ya 1908 ikataka kila mwenye ardhi ajitokeze kudai. Waliojua karatasi walidai. Waliokuwa mashambani hawakusikia, na ardhi yao ikahesabiwa ya serikali. Ndipo walipozaliwa maskwota, wakaaji wasio na hati, juu ya ardhi ya babu zao. Likoni palikuwa na ekari 930 za mzozo wa namna hii, na wakazi walianza kupewa hati 2016. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ya kaunti husika, halafu nenda peke yako, bila dalali, ukae na mzee wa mtaa. Ofisi itakwambia jina lililoandikwa. Mzee atakwambia ni nani amezikwa pale.

Kwa usalama wa hati peke yake, ukinunua kwenye ploti zilizopimwa, Mariakani na Mazeras zimenipa maumivu machache kuliko upande wa bahari. Lakini mpwa wangu hana pesa ya kununua, na nilimkataza kukopa.

Tukarudi kwenye zamu na karai. Mariakani ingewapa nafasi, ila viazi angemuuzia nani zaidi ya madereva, na nauli ya kila siku ingemla. Mtwapa ilimvutia mkewe sana, alishawahesabu wateja wa usiku kichwani. Yeye mpwa wangu akapiga hesabu ya foleni ya Bamburi, akanyamaza. Ikabaki Likoni, ambayo hakuna kati yao aliyeipenda mwanzoni.

Tulivuka pamoja Jumapili kwenda kuona nyumba, mwendo wa robo saa kutoka feri, vyumba viwili, uwanja wa kuanikia. Mwenye nyumba ni bibi mmoja mchangamfu. Mpwa wangu aliuliza kodi. Mkewe akainama kisimani, akateka, akaonja kwa kiganja, akatema pembeni kwa adabu.

"Hayo ni ya kufulia, mwanangu," bibi alisema. "Ya bomba huja Jumanne na Ijumaa, Mungu akijaalia."

"Kwa masaa mangapi?"

"Ukiwa macho, yanatosha."

Mkewe akatazama ukuta wa nyuma, akapima kwa hatua. Wiki iliyofuata mkokoteni ulivuka nao kwa safari ya saa nne asubuhi, feri ikiwa na nafasi. Juu kabisa, yamefungwa kwa kamba ya katani, yalikuwa mapipa mawili ya lita 200, na ndani ya pipa moja, karai.